Kasa akipatikana hai: tangu ufukweni hadi arudi majini

Kasa mzima hashikiki. Ukimfuata kwa kuogelea anakuacha kwa mapigo mawili ya mapezi, na akiibuka kuvuta pumzi hukai naye dakika. Kwa hiyo kasa aliyelala mchangani saa sita mchana, au anayeelea na hazami hata chombo kikimkaribia, si bahati ya mvuvi. Ni mgonjwa, na mara nyingi ni mgonjwa wa wiki kadhaa. Haya yameandikwa kwanza kwa anayekutana naye wa mwanzo, yaani mvuvi, mlinzi wa ufukwe, mwanachama wa BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe) au mfanyakazi wa hoteli, kisha kwa wanaomuuguza kituoni.

Kosa la watu wema ni kumsukuma arudi baharini. Wanaona kiumbe wa maji yuko nchi kavu na wanadhani dawa yake ni maji. Lakini ametoka, au ameacha kuzama, kwa sababu hana nguvu za kuogelea wala kupiga mbizi. Ukimrudisha, mkondo unamchukua hadi mahali ambapo hakuna wa kumwona, na atakayempata baadaye ni papa au rafadha ya boti.

Kuna kasa mmoja tu wa nchi kavu ambaye huna kazi naye: mama anayepanda usiku kutaga. Ni mkubwa, gamba lake linakaribia mita moja, na nyuma yake kuna njia pana ya mapezi kutoka majini. Zima tochi, mpishe. Machozi yake si kilio cha uchungu. Ni tezi za machoni zinazotoa chumvi ya ziada mwilini. Akikutwa bado yuko juu jua limeshachomoza, amenasa kwenye mizizi, ukuta au viti vya hoteli, hapo ndipo anahitaji msaada wa kuondolewa kizuizi tu.

Saa ya kwanza

Piga simu kabla hujagusa chochote. Kasa wote wanalindwa na sheria Kenya na Tanzania, na kumweka nyumbani, hata kwa nia njema, ni kosa. Kenya ni KWS, shirika la serikali la wanyamapori, na kwa pwani ya Watamu, Malindi na jirani zake kuna Local Ocean Conservation wenye kituo cha matibabu. Tanzania ni afisa uvuvi wa eneo, BMU au shirika la Sea Sense. Ndani ya hifadhi ya bahari, ofisi ya hifadhi yenyewe. Watakuuliza mambo yaleyale kila mara: yuko wapi hasa, anapumua, ana jeraha gani, ana urefu gani, ni wa aina gani.

Aina si vigumu kuzijua. Ng'amba ana mdomo mwembamba uliopinda kama wa mwewe, na magamba yake yamepandana kama vigae vya paa. Kasa wa kawaida, yule anayekula majani ya bahari, ana kichwa cha mviringo na magamba yaliyolala sawasawa bila kupandana. Duvi ana kichwa kikubwa kupita kiasi na rangi ya kahawia inayoelekea wekundu. Kigome ni mdogo, gamba lake karibu duara. Noa hana magamba kabisa: mgongo wake ni ngozi nyeusi yenye matuta ya urefu. Ukishindwa, piga picha ya kichwa kwa juu na pande zote mbili za uso. Mpangilio wa magamba ya shavuni hufanana na alama za vidole, kila kasa na wake, na picha hizo zitatumika baadaye kumtambua.

Pima urefu kwa utepe wa fundi cherehani, ukifuata mviringo wa gamba kutoka nyuma ya shingo hadi ncha ya nyuma. Kasa wa kawaida wa sentimita 40 hivi huwa na kilo 7 hadi 9. Akiwa na urefu huo na unamwinua kama ndoo tupu, amekonda sana. Mgeuzie jicho kwa chini: gamba la tumbo la kasa mwenye afya ni bapa au limebinuka kidogo kwa nje. Likiwa limebonyea kama sahani, na macho yameingia ndani, andika hivyo.

Kumshika kuna namna yake. Mkono mmoja unashika ukingo wa gamba nyuma ya shingo, mwingine ukingo wa nyuma juu ya mkia. Usimvute kwa pezi, maana bega hutoka mahali pake, wala usiweke vidole karibu na mdomo. Taya la duvi limeumbwa kuvunja kaa na kombe. Mkubwa hubebwa na watu wanne kwa turubai au wavu mzito. Usimlaze chali. Mapafu ya kasa yamebandana na gamba la mgongo, kwa hiyo ukimpindua matumbo yote yanayalalia na pumzi inakuwa kazi.

Mpeleke kivulini, mlaze kwa tumbo juu ya kitu laini. Tyubu ya gari iliyojazwa upepo nusu inafaa kuliko godoro, kwa sababu tumbo halibanwi na hawezi kutambaa. Mchana wa jua, mfunike mgongo na mapezi kwa kanga au gunia lililoloweshwa maji ya bahari, pua zikiwa wazi. Usiku wa kusi wenye upepo, kitambaa hicho kiwe kikavu, kwa kuwa cha maji kitampoza hadi azidi kulegea. Usimtie kwenye beseni wala pipa la maji: kasa asiyeweza kuinua kichwa huzama kwenye maji ya kina cha kiganja. Usimpe chakula, usimnyweshe. Fukuza mbwa, punguza watu, na nawa mikono kwa sabuni ukimaliza, maana kasa hubeba salmonela.

Aliyezama wavuni

Hapa ndipo kasa wengi wanaoweza kupona hutupwa kama maiti. Kasa aliyenasa kwenye jarife au wavu wa kutega hupandishwa amelegea, macho yamefumba, hapumui kwa macho yako. Anaweza kuwa amezimia tu. Moyo wake unapiga polepole mno na mwili umejifunga kutunza hewa iliyobaki. Amekufa kweli pale tu mwili umekakamaa au nyama imeanza kuoza. Kabla ya hapo mhesabu kuwa hai.

Mlaze kwa tumbo, kisha inua sehemu ya nyuma angalau sentimita 15, na zaidi kwa mkubwa, ili maji yatoke mapafuni kwa mteremko. Ubao wa chombo juu ya kamba iliyokunjwa unatosha. Kila baada ya muda mshike kingo za gamba na umwinue upande mmoja kama sentimita 8, mrudishe, kisha upande wa pili, taratibu, kama mtu anayebembeleza kitanda cha mtoto. Msimkandamize tumbo wala kumpuliza mdomoni; njia ya zamani ya kumkanyagia gamba la tumbo ili "kumtoa maji" hufunga njia ya hewa na kupeleka maji ndani zaidi.

Kila saa tatu jaribu: gusa kwa wepesi pembeni mwa jicho, kisha finya mkia. Akipepesa au akivuta mkia, yupo. Endelea hivyo, kivulini na mwili ukiwa na unyevu, kwa saa 4 hadi 24. Subira ndiyo dawa yenyewe, na ndiyo inayokosekana wakati samaki wanasubiri mnadani.

Akizinduka na kuanza kutapatapa, kuna mtego mwingine. Kasa aliyevutwa kutoka chini sana anaweza kuwa na mapovu ya hewa kwenye damu, ugonjwa uleule wa wapiga mbizi wanaopanda haraka. Huchangamka saa za mwanzo, kisha analegea tena na kufa akiwa mbali na macho ya aliyemwachia. Kama kituo kinafikika, mpeleke hata akionekana mzima. Kama hakifikiki kabisa, mwachie akiwa na nguvu kamili, injini ikiwa huru, nyavu zikiwa zimepandishwa, na mbali na mahali mlipotega.

Ndoano, mishipi na nyavu zilizopotea

Sheria ni moja: kamba inayoonekana mdomoni au ikining'inia chini ya mkia haivutwi. Mara nyingi upande wa pili kuna ndoano iliyojikita kooni au tumboni. Utumbo hujaribu kuisukuma kamba, lakini kamba imeshikwa, basi utumbo wenyewe unajikunja juu yake kama kitambaa kwenye uzi wa kiuno cha suruali. Ukivuta, uzi unageuka msumeno.

Kasa anayekwenda kwa daktari achiwe kamba ya sentimita 30 hadi 60 nje, ibandikwe kwa plasta kwenye gamba ili asiimeze. Daktari ataifuata hadi kwenye ndoano. Ikiwa hakuna daktari na lazima aachiwe palepale, fanya kinyume: kata karibu kadiri mkono unavyofika, kwa sababu kamba ndefu inaua kuliko ndoano. Ndoano iliyotoboa pezi au ukingo wa mdomo na ncha inaonekana, kata ncha yenye mwiba kwa koleo kali la kukatia nondo, kisha rudisha shina kwa njia lililoingilia. Funika kwa mkono wakati wa kukata, kipande huruka.

Wavu uliokaza shingoni au kwapani ukate kwa mkasi wenye ncha butu, makali yakielekea nje. Usimwachie papo hapo hata akionekana huru. Pezi lililobanwa kwa siku nyingi huvimba damu ikirudi, na jeraha linaloonekana kama mkwaruzo mara nyingi limefika mfupani. Hifadhi kipande cha wavu huo. Aina ya uzi na ukubwa wa macho husaidia kujua ulikotoka.

Jeraha la rafadha juu ya gamba lina hatari isiyoonekana. Kumbuka mapafu yako hapo chini, pamoja na uti wa mgongo. Usimwage maji wala dawa ndani ya ufa wa gamba la mgongo: unaweza kuwa unamwaga moja kwa moja pafuni. Ukiona povu linatoka na kuingia kwa kila pumzi, funika kwa kitambaa safi chenye unyevu na uharakishe safari. Gundi, saruji na utomvu wa boti viache kwa boti. Vinafungia uchafu ndani, na wiki mbili baadaye chini ya kifuniko kizuri kuna usaha.

Safarini mlaze kwa tumbo ndani ya kreti au kwenye tyubu, bila maji, pasipo upepo wa moja kwa moja. Lami ya Kilifi saa nane mchana nyuma ya pikapu huchoma kama kikaango, basi tandika sponji na weka kivuli.

Kituoni

Usiku wa kwanza ni sponji yenye unyevu, si tangi. Kasa dhaifu akishapimwa uzito, joto na mapigo, kinachotangulia ni maji ya mwili, si chakula. Kiwango cha kawaida ni mililita 10 hadi 20 kwa kila kilo kwa siku, yakiwa yamefikishwa joto la mwili wake. Kasa wa kilo 8 hupata mililita 80 hadi 160. Kupitisha hapo haraka ni kumjaza moyo na mapafu. Kazi hii na dawa zote ni za daktari wa mifugo aliyezoea reptilia, na onyo moja kwa daktari wa ng'ombe na mbuzi anayeitwa kwa dharura: aivamektini, sindano ya minyoo iliyo kwenye kila begi, ni sumu kwa jamii ya kasa na kobe.

Ruba na wale viumbe wa magamba meupe wanaoganda mwilini kama kwenye tumbo la mashua hawabanduliwi kwa kisu. Mweke kwenye maji ya kisima yasiyo na chumvi, kina kifupi, chini ya uangalizi, hadi saa 24. Wengi hufa na kudondoka wenyewe, na kasa hunywa kidogo.

Majeraha husafishwa kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupozwa, gramu 9 za chumvi kwa lita moja, au iodini iliyopunguzwa hadi ifanane na chai ya rangi iliyo nyepesi. Spiriti na haidrojeni peroksaidi huua nyama inayojaribu kuota. Nyama iliyokufa ikishaondolewa, asali safi ni dawa ya kweli: inavuta maji kutoka kwa bakteria na kushika jeraha na unyevu wake. Ipake, mwache mkavu saa chache ishike, kisha majini. Jeraha la kasa hupona kwa miezi. Anayetaka matokeo ya wiki moja ataishia kubadili dawa kila siku na kuharibu alichojenga jana.

Kasa anayeelea ndiye fumbo la kituo. Mtazame majini kabla ya kufikiria dawa. Akielea nyuma ikiwa juu, fikiria gesi ya utumbo ulioziba, mara nyingi kwa plastiki, au uti wa mgongo ulioumia. Akilala upande mmoja juu, shuku pafu lililochanika na hewa iliyovuja ndani ya mwili, au nimonia ya upande mmoja. Eksirei ndiyo huamua. Aliyeziba hupewa maji ya kutosha, mafuta ya parafini ya dawa kwa mrija hadi tumboni (yakiingia njia ya hewa ni kifo), na nafasi ya kuogelea, kwa sababu mwendo husukuma utumbo. Kinyesi chake cha kwanza kikusanywe na kuoshwa kwenye chujio. Hapo ndipo huonekana vipande vya mifuko, kamba na vifuniko. Kumtoboa kwa sindano ili kutoa hewa bila kuziba ilipotoka ni kazi bure, kesho itarudi. Vizito vidogo vya kubandika mgongoni husaidia awe sawa majini, ila baada ya chanzo kujulikana, na vipunguzwe kadiri anavyopata nafuu.

Tangi liwe la maji ya bahari yenye chumvi gramu 30 hadi 35 kwa lita, joto nyuzi 25 hadi 29, kivuli upande mmoja, na upana wa kumwezesha kugeuka bila pezi kugusa ukuta. Kasa mmoja kwa tangi. Wakichanganywa hung'atana mapezi na shingo, na hapa kuna jambo zito zaidi: uvimbe kama koliflawa kwenye macho, shingo na mapezi ya kasa wa kawaida, unaohusishwa na kirusi cha jamii ya hepesi na unaoonekana pia pwani yetu. Mwenye uvimbe huo ana tangi lake, ndoo yake, glavu zake, na huhudumiwa mwisho.

Chakula huanza pale maji ya mwili yamekaa sawa na tumbo linafanya kazi. Asilimia 1 ya uzito kwa siku, gramu 80 kwa wetu wa kilo 8, kisha panda polepole hadi asilimia 2 au 3. Vipande vya ngisi ndivyo huamsha hamu kwa karibu kila aina. Kwa kasa wa kawaida ngisi awe chambo tu. Mrudishe haraka kwenye majani ya bahari na mwani, la sivyo atanenepa vibaya na vijidudu vya tumboni vinavyosaga majani vitapotea. Duvi mpe kaa na samaki. Ng'amba ngisi, kamba wa kuliwa na samaki. Samaki waliogandishwa hupoteza vitamini B1, hivyo ongeza kidonge ndani ya kipande. Pima kilichoingia, toa kilichobaki kabla hakijachafua maji, na mpime uzito kila wiki kwa mizani ileile.

Akifa

Mpime, mpige picha, soma namba ya bamba la utambulisho kwenye pezi kama lipo, toa taarifa, kisha azikwe juu ya mstari wa maji ya bamvua. Nyama yake isiliwe, hata kama alikuwa hai asubuhi. Machi 2024 kisiwani Panza, Pemba, watoto 8 na mwanamke mmoja walikufa baada ya kula nyama ya kasa. Sumu hiyo haitoki kwa kuchemsha, haina dawa ya kuiondoa, na humfikia mtoto kwa maziwa ya mama.

Kumwachia

Hakuna tarehe, kuna masharti. Anazama na kukaa chini atakavyo. Anakula bila kushikiwa. Uzito umepanda na kukaa. Majeraha yamefunga, na amekaa angalau wiki mbili bila antibayotiki pasipo kurudi nyuma. Aliyepoteza pezi moja huweza kurudi akiogelea sawa. Aliyepoteza mawili ya upande mmoja hali yake ni ngumu, na uamuzi huo ni wa daktari na mamlaka, si wa wafadhili. Kabla ya kuondoka hufungwa bamba kwenye ukingo wa nyuma wa pezi la mbele.

Mpeleke karibu na alikopatikana. Kasa wa kawaida apate majani ya bahari, ng'amba mwamba. Ulizeni wavuvi nyavu ziko wapi siku hiyo. Iwe asubuhi mapema, maji yakiwa yanajaa, bila watu wa kumshika gamba kwa picha. Mweke mchangani hatua chache kutoka majini, atambae mwenyewe. Anavyotambaa kunasema mengi kuliko kipimo cha jana. Mtu mmoja abaki na darubini, na chombo kidogo kiwe tayari, kwa nusu saa baada ya mbizi ya kwanza. Akiibuka na kuzama tena, mmemaliza. Akibaki juu ya maji, mfuateni mara moja na arudi tangini.